SOMO: Jinsi ya kuingiza vitu vya mtandaoni kwenye katalogi ya maktaba ya shule

Kila wiki naulizwa kama maktaba ya shule ina haja ya kukatalogi vitu vya mtandaoni, na kama ipo, vinaingizwaje. Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Haja ipo. Mwanafunzi akitafuta "sayari" aone kitabu cha rafuni na kitabu pepe mahali pamoja. Ila ingiza ulichokipitia mwenyewe ukakikubali, si kila unachokutana nacho.

1. Chagua kwa vigezo vilevile vya kununua kitabu: umri, mtaala, nani kaandika.

2. Soma leseni, yaani mwenye kitu anaruhusu kitumikeje.

3. Fungua rekodi, jaza jina, mwandishi na mchapishaji kama kawaida.

4. Weka namba ya Dewey (mfumo wa kupanga vitabu kwa mada) na vichwa vya mada. Usiruke eti kwa sababu hakikai rafuni. Anayetafuta kwa mada hatakiona kamwe.

5. Kiungo. Hapa ndipo rekodi nyingi zinapoharibika. Kwenye MARC 21 (muundo wa kuandika rekodi za katalogi kwa kompyuta) kiungo kinakaa uga, yaani sehemu ya rekodi, wa 856. Uga huo una viashiria viwili, tarakimu zinazoeleza kiungo ni cha aina gani. Kiashiria cha kwanza ni 4, yaani HTTP, anwani ya kawaida ya wavuti. Cha pili ni 0 kwa kitu chenyewe, 1 kwa toleo lake jingine, 2 kwa kitu kinachohusiana nacho tu. Anwani inaingia uga mdogo u, maelezo kwa msomaji uga mdogo z.

ANGALIZO: usinakili anwani kutoka kwenye kivinjari ukiwa umeingia kwa nenosiri. Mara nyingi inabeba alama za kuingia kwako: kwako itafunguka leo, kwa mwanafunzi itagoma. Tafuta kiungo cha kudumu au DOI (namba ya kudumu ya chapisho la mtandaoni). Na usikate ovyo kila kilicho baada ya alama ya kuuliza, maana kuna tovuti ambazo namba ya kitabu inakaa hapohapo. Kisha jaribu kiungo kwenye kifaa kingine, bila kuingia popote. Kisipofunguka, usihifadhi rekodi.

6. Kagua viungo kila muhula. Koha, programu ya kuendesha maktaba, ina skripti (programu ndogo) ya kazi hiyo, lakini skripti inanasa kurasa zilizokufa tu. Kikoa kikiisha muda kinaweza kununuliwa na mtu mwingine kikajaa matangazo ya kamari, na skripti itasema kiko salama. Za watoto wadogo zifungue uzione kwa macho.

MASWALI

— Mkuu, si waende Google tu? Kazi yote hii ya nini?
Rudi juu, hatua ya 1. Google haijui mtaala wako.

— Nimepakua PDF nyingi, nizipandishe zote kwenye seva ya shule?
Leseni zake zinasemaje? Hukutaja hata moja. Hatua ya 2.

— Samahani mwalimu, kitabu tunacho cha karatasi na pia kipo Project Gutenberg, ile tovuti ya vitabu pepe vya bure. Rekodi moja au mbili?
Swali zuri sana. Njia zote mbili zinatumika. Maktaba kubwa nyingi hutenganisha, kwa kuwa matoleo hutofautiana. Kwa shule napendelea moja: kwenye rekodi ya karatasi ongeza 856 yenye kiashiria cha pili 1, mtoto akikuta nakala imeazimwa abonyeze asome. Hakikisha tu ni maandishi yaleyale, si ufupisho wala tafsiri nyingine. Elekeza kwenye ukurasa wa kitabu wenye namba yake, si kwenye faili.

— Intaneti yetu inakatika sana. Bado kuna maana?
Ipo, dada. Kwa programu ya Kiwix unaweza kuweka Wikipedia nzima kwenye kompyuta ya maktaba ikasomeka bila intaneti. Ikatalogi kama kitu kingine chochote, na kwenye uga mdogo z andika "Hufunguka ndani ya maktaba tu".

— Nyongeza: sisi tumebandika msimbo wa QR rafuni, pale kwenye namba ya Dewey 523 (sayari na nyota), unafungua orodha ya vitabu pepe vya namba hiyo.
Hii naichukua. Uelekeze kwenye utafutaji wa katalogi, si kwenye tovuti ya nje. Kiungo kikibadilika utarekebisha rekodi bila kuchapa karatasi upya.