Somo: Kuchagua tumbawe la kupimwa umri, mwamba wa Falmouth, Jamaica

Mwamba wa Falmouth ni mawe ya chokaa ya pwani ya kaskazini ya Jamaica, yaliyojengwa na matumbawe yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa mita kadhaa juu kuliko leo. Visukuku vimejaa tele. Vinavyofaa kupimwa umri kwa urani na thori (urani iliyomo hugeuka polepole kuwa thori, kwa mwendo unaojulikana) ni vichache.

1. Tazama mkao. Kitako kiwe chini, vitundu vya polipu, yaani vijinyama vinavyojenga tumbawe, vitazame juu. Lililopinduka huenda lilibebwa na dhoruba, na kimo chake hakisemi lolote kuhusu bahari. Ukipata Acropora palmata (aina ya tumbawe) iliyosimama pale ilipoota, umebahatika: huishi zaidi kwenye kina kisichozidi mita 5.

2. Pima kimo kuanzia wastani wa usawa wa bahari, si pale maji yalipofika saa hiyo.

3. Bandua uso uliopigwa na mvua kwa nyundo na tindo. Hapa ndipo wengi huharibu. Mifupa ya tumbawe ni aragonaiti, madini ya chokaa; maji ya mvua huigeuza kuwa kalsaiti, umbo jingine la chokaa hiyo hiyo, na urani huingia au kutoka, hivyo umri hupotoka. Tumia lenzi ya mara 10: vitundu vitupu ni dalili njema, fuwele zinazometameta ndani yake ni mbaya.

4. Chora mshale wa juu kabla ya kung'oa. Kipande cha ukubwa wa ngumi chatosha. Namba iandikwe kwenye jiwe na kwenye mfuko pia.

5. Maabara ipime kwanza kwa eksirei. Kalsaiti ikizidi asilimia 2, achana nacho.

Maswali

*Tindikali haiwezi kutenganisha aragonaiti na kalsaiti?*
Haiwezi. Zote mbili hutoa povu.

*Mwalimu, kwa nini tusitumie kaboni-14? Ni rahisi zaidi.*
Kikomo chake ni kama miaka 50,000. Tumbawe la Falmouth likikupa miaka 38,000, ujue limechafuliwa na kaboni changa.

*Nipo Mombasa. Hatua hizi zinafaa kwa mawe ya matumbawe ya huku?*
Zinafaa, ila usitafute A. palmata, haipo Bahari ya Hindi. Na hatua ya 2 ni nzito zaidi kwako: bamvua la Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, wakati Jamaica tofauti haifiki hata nusu mita.