Somo: Kuandaa kurasa za kitabu cha picha kabla ya kuzipeleka kwa wachapaji

Hamjambo wanachama. Wengi mmeniomba niandike yale niliyoyaeleza tulipokutana, kwa hiyo nimeketi leo niyaweke yote mahali pamoja. Maswali mliyonitumia nimeyajibu mwishoni.

Kitabu changu cha kwanza nilimtengenezea nyanya yangu alipotimiza miaka 80. Nilichukua picha moja nikaitandaza kwenye kurasa mbili zinazotazamana, nyanya katikati, wajukuu kulia na kushoto. Kwenye kompyuta ilipendeza sana. Kitabu kilipotoka, kimebandikwa gundi mgongoni, uso wake ulikuwa umezama kwenye mkunjo: jicho moja huku, jingine kule, pua haionekani. Nyanya alishukuru. Kisha akaufungua ukurasa ule na kuukandamiza kwa kiganja ili ajione. Kiganja kile sijakisahau. Wachapaji hawakuwa na kosa, walichapa nilichowapelekea. Mimi nilikuwa nimeandaa kurasa za kutazamwa kwenye skrini, na nyanya alipewa karatasi.

Hatua ya kwanza: nenda kwa wachapaji kabla hujapanga ukurasa hata mmoja

Shuka River Road au Kirinyaga Road jijini Nairobi, au popote unapokusudia kuchapisha, uulize mambo haya: wanachapa saizi gani, wanafunga kitabu kwa pini au kwa gundi, wanataka ukingo wa kukatwa wa milimita ngapi, na faili waipokee kwa rangi za aina gani. Andika majibu. Omba pia wakuonyeshe kitabu walichokwisha kukifunga, ukifungue mwenyewe uone kinafunguka kiasi gani. Dakika tano za kukishika kitabu hicho zitakufunza kuliko somo hili lote.

Kitabu cha pini huhitaji idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa huzaa kurasa nne. Ukiwa na kurasa 30, ama uongeze mbili ama upunguze mbili. Na ukumbuke ukurasa wa 1 huwa upande wa kulia, kwa hiyo zinazotazamana ni 2 na 3, si 1 na 2. Nimeona watu wakipanga kitabu kizima kwa kukosea hapo, kila picha pacha ikatengana na mwenzake.

Hatua ya pili: kusanya picha asili, si nakala za nakala

Uchapaji mzuri unataka pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 300 kwa kila inchi ya karatasi. Tufanye hesabu. Ukurasa wa sentimita 20 kwa 20 unahitaji picha ya pikseli 2,362 kila upande ili uenee wote. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya 4,000 kwa 3,000, kwa hiyo inatosha na kubaki. Lakini picha hiyo hiyo ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na mara nyingi upande mrefu hubaki na pikseli 1,600 hivi. Gawanya kwa 300 upate inchi tano na kidogo, yaani sentimita 13 tu. Ukiinyoosha ifike 20, bado utapata kama pikseli 200 kwa inchi, ambazo zinavumilika. Ukiinyoosha ienee kurasa mbili, nyuso zitakuwa ukungu.

Picha za karatasi ziskani kwa pikseli 600 kwa inchi, si 300. Picha ndogo ya sentimita 9 kwa 13 ikiskaniwa kwa 600 unaweza kuichapa ikiwa na ukubwa maradufu bila kupoteza kitu. Nyingi tulizonazo nyumbani ni zile za Uhuru Park, ambazo mpiga picha alikusimamisha mpaka jengo la KICC lionekane nyuma ya bega lako, zikatoka ndogo ndogo. Zinastahili kukuzwa. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu kwanza, na kioo cha skana pia, maana chembe moja ya vumbi kwa 600 huonekana kama jiwe.

Hatua ya tatu: chora ukurasa pamoja na sehemu itakayokatwa

Hakuna mashine ya kukatia inayofuata mstari bila kuteleza hata nusu milimita. Ndiyo maana picha inayofika ukingoni lazima ipite mstari wa kukatwa, kwa kawaida kwa milimita 3 kila upande. Mafundi huiita blidi. Ukurasa wa milimita 200 basi unauandaa kwa 206, yaani pikseli 2,433. Usipofanya hivyo utapata uzi mweupe pembeni, na uzi huo jicho huuona kabla ya kuona picha.

Kisha rudi ndani. Maandishi na nyuso zikae angalau milimita 8 kutoka ukingo. Upande wa mgongo, kama kitabu ni cha gundi, acha milimita 15. Kama ni cha pini na ni chembamba, 10 zinatosha. Chora mistari hiyo ya mwongozo kwenye kila ukurasa kabla ya kuweka picha. Scribus, programu ya kupangia kurasa, ni ya bure na hukuwekea yote hayo ukijaza vipimo mwanzoni. Inakula muda kuizoea, ila mimi ndiyo ninayoitumia mpaka leo.

Picha ya kurasa mbili haijakatazwa. Chagua tu ambayo katikati yake ni anga, nyasi au ukuta. Mtu asikae kwenye mkunjo. Katika picha ya familia, tafuta mwanya kati ya watu wawili uusogeze hapo. Mwanya usipokuwepo, picha hiyo iweke ukurasa mmoja, hata ikiwa ndogo.

Hatua ya nne: mwanga wa nyuso

Hapa nawaomba mtulie nami, kwa sababu ndipo vitabu vyetu vingi vinapoharibikia.

Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi haina mwanga, inasubiri wa dirishani au wa balbu. Picha ile ile ikichapwa huonekana nyeusi zaidi. Kwa ngozi zetu maana yake ni kwamba shavu lililokuwa na mng'ao linakuwa bapa, macho yanazama, na mjomba aliyesimama kwenye kivuli cha hema anabaki shati na meno. Nimesikia wachapaji wakisema, "Ndivyo alivyo." Sivyo alivyo. Ni mwanga haukurekebishwa.

Tatizo hili ni la zamani. Enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, ngozi yake ndiyo ikawa kipimo. Kwa hiyo hata picha za wazazi wetu tunazoziskani leo huenda zilitoka maabara zikiwa na giza lisilowastahili. Tukizichapa tena bila kuzigusa, tunawaongezea giza juu ya giza.

Fanya hivi. Punguza mwanga wa skrini mpaka kama nusu, ukae mahali ambapo jua halipigi kioo. Weka karatasi nyeupe kando ya skrini. Nyeupe ya skrini ikiizidi mno karatasi kwa ukali, punguza tena. Sasa fungua picha kwenye programu ya kurekebishia picha, kama GIMP au Snapseed. Usiongeze mwanga wa picha nzima, maana gauni jeupe la bibi harusi litaungua, mikunjo na nakshi zipotee. Inua vivuli na sehemu za kati tu, kidogo kidogo, ukitazama paji la uso na mashavu. Simama pale unapoanza kuona umbo la uso, kabla ngozi haijawa kijivu. Picha moja ikiwa na watu wa rangi mbalimbali, chagua uso wa aliye mweusi zaidi na wake ndio ukuongoze, kwa sababu yeye ndiye atakayepotea wa kwanza.

Kuhusu rangi zenyewe: skrini huchanganya nyekundu, kijani na buluu. Mtambo huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna buluu kali na kijani kikali, hasa za vitenge, ambazo wino hauzifikii hata ufanyeje. Wachapaji wa dijitali mara nyingi hupendelea uwaachie faili ya sRGB, yaani ya rangi za skrini, wabadilishe wenyewe. Wa mitambo mikubwa Industrial Area huenda wakataka CMYK, yaani ya zile rangi nne za wino. Badilisha mara moja tu, mwishoni, na uhifadhi nakala ya awali. Picha nyeusi na nyeupe zibadilishe ziwe za kijivu halisi, la sivyo zinaweza kutoka na uzambarau.

Hatua ya tano: maandishi

Herufi za pointi 9 au 10, wino mweusi pekee. Andika majina kamili na mwaka. Mjukuu atakayekifungua baada ya miaka 40 hatajua "sisi kwa shangazi" ni akina nani.

Hatua ya sita: hifadhi na uchape ukurasa mmoja

Toa PDF, ukurasa mmoja mmoja si pacha, fonti zikiwa ndani ya faili, blidi imewekwa. Ifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe herufi hazijabadilika. Ibebe kwenye flashi na nakala uiweke kwenye barua pepe, maana flashi za mjini huambukizana virusi.

Kisha chapa ukurasa mmoja wa majaribio, kwa karatasi ile ile na mashine ile ile. Usichague ulio mzuri. Chagua wenye picha ya usiku, nyuso zilizo kivulini, kitenge na maandishi madogo. Utoe nje, uutazame kwa mwanga wa jua, halafu uutazame tena nyumbani jioni chini ya taa, kwa sababu hapo ndipo kitabu kitakaposomwa. Mimi hurekebisha na kurudi mara mbili. Gharama ya kurasa mbili ni ndogo mno ukilinganisha na ya nakala kumi zenye giza.

Maswali ya wanachama

*Dada, picha nyingi za mazishi ya baba ninazo kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp tu. Zitafaa? (Kayole)*

Pole sana, ndugu yangu. Waulize kwanza waliozipiga, kwa kuwa huenda za asili bado zimo kwenye simu zao. Wakutumie kama hati, yaani wabonyeze ile alama ya kipini cha karatasi wachague hati badala ya matunzio ya picha. Zikifika hivyo hazipunguzwi. Zile zisizopatikana, zichape ndogo, upande mrefu usizidi sentimita 13. Picha ndogo iliyo wazi itamheshimu mzee kuliko kubwa iliyovurugika.

*Sina kompyuta. Nifanye yote kwa simu? (Rongai)*

Inawezekana. Kwenye Canva anza kwa vipimo vyako mwenyewe, kwa milimita, na wakati wa kupakua chagua PDF ya kuchapa pamoja na alama za kukatia na blidi. Kubadilisha rangi kuwa CMYK ndiko kunakolipiwa, kwa hiyo tafuta mchapaji anayepokea sRGB. Ila kabla ya kuchapa, fungua faili kwenye kompyuta ya saiberi uikague. Skrini ya simu ni ndogo, na makosa hujificha.

*Mwalimu, albamu yetu ni ya zile kurasa zenye gundi na plastiki juu. Nikivuta picha inachanika. (Jericho)*

Shikamoo mzee. Tafadhali usivute tena. Fungua plastiki taratibu, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, kama unayekata sabuni, kutoka kona moja hadi nyingine. Ikikataa, iache hapo hapo. Piga picha ya ukurasa mzima bila plastiki, karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Kama ukoo una albamu moja tu, piga hizo kwanza hata kabla ya kujaribu uzi.

*Kitabu changu kinajifunga chenyewe, na jalada limepasuka kwenye mkunjo. Ni karatasi mbaya? (Eastleigh)*

Si lazima iwe mbaya. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi hizo huelekea upande mmoja. Zikikatisha mgongo wa kitabu badala ya kwenda sambamba nao, kurasa hukaidi na jalada hupasuka, hasa likiwa zito la gramu 300 kwa mita ya mraba. Chukua karatasi uikunje nusu bila kuikandamiza, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Mkunjo unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Mwambie fundi unataka nyuzi zifuate mgongo, na jalada alichore mstari wa mkunjo kwa mashine kabla ya kulikunja. Ndani gramu 150 au 170 zinatosha. Karatasi nzito zaidi ya hapo kwenye kitabu cha gundi huzidisha ukaidi, na nyuso zilizo karibu na mgongo huanza kuzama.