Kifundo cha mkono kikiteguka: usivute, funga

Mvua zikishika Rungwe, majeruhi wa mikono nao huongezeka. Mchuma chai kateleza kwenye mteremko, dereva wa bodaboda kaangukia lami iliyolowa, kijana kaporomoka kutoka kwenye mparachichi. Karibu wote husema: "Nilijikinga kwa kiganja." Mimi ni afisa tabibu, na kabla ya yote naomba hili: asitokee mtu wa kuuvuta mkono huo.

Kifundo kina vifupa 8 vilivyoshikanishwa kwa kano. Kano zikikatika, kifupa cha katikati, lunati, kinaweza kuchomoka kuelekea kiganjani na kukandamiza neva, yaani mshipa wa fahamu. Kwa nje unaona uvimbe tu. Ukivuta bila picha ya eksirei, unaweza kuiumiza neva zaidi au kuachanisha mfupa wenye ufa.

Hatua ya 1. Vua pete, bangili na saa papo hapo, uvimbe haujapanda. Pete ikigoma, paka sabuni.

Hatua ya 2. Kagua vidole, na hapa usiwe na haraka. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu mikono huwa ya baridi na rangi huchelewa hata kwa mzima, kwa hiyo linganisha na mkono wa pili. Kisha mgonjwa afumbe macho, uguse ncha ya kila kidole, akutajie ni kipi. Ganzi kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete inaonyesha neva imebanwa. Mama mmoja alikuja wiki ya sita, kifundo kimechuliwa kila jioni. "Mwanangu, vidole hivi vitatu sivisikii, kikombe kinaniponyoka." Lunati ilikuwa nje muda wote huo, na ikabidi apasuliwe.

Ukiona ganzi, vidole vya bluu, kifundo kilichopinda au jeraha, ni hospitali sasa hivi, usiku au mchana. Jeraha lifunike kwa kitambaa safi. Asile wala kunywa njiani, huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Hatua ya 3. Funga mkono kama ulivyo. Kata boksi gumu lifike kutoka karibu na kiwiko hadi kiganjani, tandika kitambaa laini, funga kwa vipande vya kanga juu na chini ya kifundo, usikaze penye uvimbe. Vidole vibaki wazi. Uning'inize kwa kanga nyingine, kiganja kikiwa juu kidogo ya kiwiko. Sasa rudia hatua ya 2. Ganzi ikiwa imeongezeka, legeza.

Hatua ya 4. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20. Kama haipo, kitambaa kilicholowa maji baridi. Usikande kwa maji ya moto wala kuchua.

Hatua ya 5. Eksirei, na uhakikishe umepigwa ya mbele na ya ubavuni, maana ya ubavuni ndiyo humfichua lunati aliyehama. Nyoosha gumba uone kishimo kwenye shina lake. Kikiuma ukikibonyeza, huenda skafoidi, kifupa cha kifundo upande wa gumba, kina ufa, na picha ya kwanza inaweza isiuonyeshe ufa huo. Kubali kufungwa, urudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe nyingine. Mimi huiandika tarehe hiyo kwa kalamu juu ya bendeji yenyewe, kwa sababu karatasi hupotea.