Mtoto Akipotea, Usifagie: Kulinda Ushahidi Nyumbani Kabla Polisi Hawajafika

Mtoto asiporudi jioni, nyumba hujaa watu. Majirani wanakuja, shangazi wanakuja, wenzenu wa kanisani au msikitini wanakuja, na kila mmoja anatafuta kazi ya mikono ili asikae bure. Siku ya pili, kabla jua halijapanda, uwanja umefagiwa, shuka zimefuliwa, vikombe vimeoshwa, na takataka zimechomwa kwenye shimo nyuma ya jiko. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini unyayo uliokuwa mlangoni na kikombe alichonywea mgeni wa mchana vimekwenda, na hakuna mpelelezi anayeweza kuvirudisha. Maelezo haya ni ya saa hizo za mwanzo, kwa familia zilizo Uganda.

Uhai kwanza

Kabla ya kuwaza ushahidi, hakikisha mtoto hayumo nyumbani au karibu yake. Watu wazima wawili, si kumi, wapite kila mahali anapoweza kuingia au kutumbukia: chini ya kitanda, ndani ya kabati na sanduku, gari lililoegeshwa, pipa na tangi la maji, choo cha shimo, stoo ya mahindi, kisima, na yale mashimo ya udongo wa matofali yanayojaa maji ya mvua. Ukiwa na shaka kwamba mtoto yuko hatarini, vunja mlango, mwaga maji, kanyaga popote. Ushahidi haulindwi kwa gharama ya mtoto. Wanaotafuta wakumbuke tu walipopita na walichogusa, ili waje wamwambie mpelelezi.

Wakati huohuo mtu wa tatu apige simu polisi, 999 au 112, kisha Sauti 116, ile namba ya msaada kwa watoto. Zote hupigwa bure. Mwingine aende kituoni kwa miguu yake, aulizie Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia, na asiondoke bila namba ya SD, yaani namba ambayo taarifa imeandikiwa katika kitabu cha kituo. Kila mara mtakapofuatilia mtaulizwa namba hiyo. Msisubiri saa 24 zipite. Msicheleweshe taarifa kwa kutafuta barua: mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ajulishwe kwa simu, pamoja na katibu wa LC anayeshughulikia mambo ya watoto. Wanaoishi katika makazi ya wakimbizi, kama Nakivale au Kyangwali, wawaeleze pia maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu waliopo hapo.

Mlango mmoja, mlinzi mmoja, daftari moja

Funga chumba cha mtoto. Kama kuna kufuli, tia kufuli na ufunguo akae nao mtu mmoja. Kama hakuna, funga kamba mlangoni na mweke mtu mzima kwenye kiti hapo nje. Familia nyingi mjini huishi katika chumba kimoja cha kupanga, na hapo huwezi kufunga nyumba nzima ukabaki nje. Zungushia kamba au kitenge ile kona anayolala mtoto, godoro na nguo zake vikiwa ndani, kisha watoto wengine walale kwa jirani usiku huo.

Mlinzi wa mlango awe mtu mtulivu anayeweza kumwambia mkubwa wake "samahani baba, humu haingiliwi" bila kugombana. Mpe daftari na kalamu ya wino. Aandike kila aliyekwishaingia tangu mtoto alipokosekana, saa aliyoingia, alichogusa na viatu alivyovaa. Viatu vina maana kubwa: mpelelezi akikuta nyayo tano mlangoni, orodha hiyo ndiyo itakayomwonyesha zipi ni za wanafamilia na upi hauna mwenyewe. Msichane ukurasa hata mkikosea. Pigeni mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, kisha mwandike upya.

Wageni wapewe mahali pengine. Kupika, kusali na kukaa usiku kuhamie kwa jirani tangu mwanzo, kwa sababu ukishawakaribisha watu sebuleni ni aibu kuwatoa. Shangazi anayetaka kufua mpe kazi ya kuwalisha watoto wengine.

Mambo yasiyofanywa mpaka mpelelezi aruhusu ni haya: kufagia ndani na uwanjani, kupiga deki au kusiliba sakafu ya udongo, kufua chochote hata taulo, kutandika kitanda, kuosha vyombo vya siku ile, kumwaga au kuchoma takataka, kufunga dirisha lililokutwa wazi au kufungua lililofungwa. Takataka hudharauliwa kuliko vyote, nazo ndizo zenye karatasi ya peremende isiyonunuliwa na mtu wa nyumbani, tiketi ya basi, au kadi ya laini ya simu. Mvua ikitishia kuingia dirishani, piga picha ya dirisha jinsi lilivyo, ndipo ulifunge kwa kushika ukingo usioshikwashikwa.

Nyayo na alama za vidole

Unyayo kwenye udongo hauwezi kusubiri mvua. Ukiuona, kwanza upige picha kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na ardhi. Pembeni yake, si juu yake, weka rula, na kama huna, sarafu ya shilingi 500, ili ukubwa ujulikane. Piga picha nyingine mtu akiwa ameshika tochi chini, karibu na ardhi, ikimulika kwa ubavu. Mwanga wa ubavu huonyesha michirizi ya soli ambayo mwanga wa juu huificha. Kisha funika kwa beseni lililogeuzwa, lisiguse unyayo wenyewe, na uweke jiwe juu. Kama maji hutiririka upande huo, chimba kifereji kidogo mbali kidogo ili yapite kando. Usifunike kwa kavera (mfuko wa plastiki) iliyolazwa juu ya udongo: inagandamana nao, na ukiinua umebeba nusu ya unyayo.

Alama za vidole hukaa vizuri kwenye vitu laini kama kioo, rangi ya mafuta kwenye vyuma vya dirisha, kitasa, chupa ya soda na simu. Ukuta wa udongo au tofali lisilopigwa lipu hauzishiki vizuri, kwa hiyo usihangaike nao. Chupa au glasi iliyo hatarini kuguswa ifunikiwe boksi tupu hapohapo ilipo. Usiinyanyue kwa kitambaa ukidhani umeilinda, maana kitambaa hufuta.

Vitu vya mwili wa mtoto

Polisi wanaweza kuhitaji vitu vya aina mbili: vyenye vinasaba (DNA) vyake, na vyenye harufu yake kwa ajili ya mbwa wa polisi. Vyote ni bora vibaki vilipo, avichukue ofisa mwenyewe. Vikusanyeni tu kama paa linavuja, kama chumba lazima kitumike, au kama ofisa amewaagiza kwa simu.

Kwa vinasaba, mswaki ndio bora, mradi una hakika ni wake na hautumiwi na ndugu zake. Nywele zinafaa zikiwa zimeng'oka na mzizi. Wanafunzi wetu wengi hunyolewa, na za kusukia za dukani si zake, kwa hiyo mara nyingi chanuo halitasaidia. Hapo geukia foronya, kofia, soksi chafu, chupi au fulana aliyoivua. Meno ya utoto yaliyong'oka na kuhifadhiwa yanafaa pia. Akiwa shule ya bweni, mpigie matroni simu mara moja, kitanda na sanduku visiguswe. Na hata vikikosekana vyote, wazazi waliomzaa wanaweza kutolewa sampuli mdomoni ili zilinganishwe, kwa hiyo msikate tamaa.

Vifaa ni bahasha mpya za kaki za saizi ya A4, kama kumi, kutoka duka la vifaa vya shule, selotepu, na kalamu. Nawa mikono na uikaushe, kisha vaa glavu mpya. Usipokuwa nazo, vaa kavera safi mkononi. Kila kitu na bahasha yake: soksi na mswaki visiwekwe pamoja, na vya watoto wawili visigusane. Funga kwa selotepu. Usirambe gundi ya bahasha, kwa sababu mate yako yana vinasaba vyako. Andika juu yake, kabla ya kutia kitu ndani, kilichomo, kilipotolewa, tarehe, saa na jina lako, kisha weka sahihi.

Kwa nini karatasi, si kavera? Kavera hubana unyevu, unyevu huleta kuvu na bakteria, na hivyo ndivyo vinavyoharibu vinasaba. Nguo yenye unyevu itandazwe kwanza juu ya karatasi safi, ndani ya nyumba, kivulini, ikauke yenyewe. Isianikwe juani, isipigwe pasi, isikung'utwe. Doa linalofanana na damu lisiguswe kabisa, wala lisikunjiwe ndani. Bahasha zikae mahali pakavu penye ubaridi, si juu ya kabati chini ya bati, ambako adhuhuri pana joto kali.

Kwa mbwa, nguo nzuri ni ile iliyovaliwa karibu na ngozi na isiyoshikwa na mtu mwingine. Mama anapoikumbatia kwa uchungu huitia harufu yake, na kumwambia aiache ni vigumu. Msemesheni kwa upole, mpeni nguo nyingine iliyofuliwa aishike. Njia aliyoonekana akipita mara ya mwisho isiachiwe umati. Jua kali, mvua na nyayo za watu hupunguza nafasi ya mbwa kufuata harufu.

Simu na fedha

Simu au kompyuta aliyoiacha ibaki katika hali iliyokutwa. Ikiwa imezimwa, isiwashwe. Ikiwa inawaka, ichajiwe isizimike, laini isitolewe. Msikisie namba ya siri, kwani baadhi ya simu hujifunga au hufuta kila kitu baada ya majaribio mengi. Msijaribu kufungua WhatsApp yake kwenye simu nyingine. Ujumbe ukionekana kwenye kioo, upigeni picha kwa simu ya pili, namba na saa vionekane, hasa pale ambapo mazungumzo yamewekwa yajifute.

Simu ya mzazi nayo ni ushahidi. Akipiga mtu kudai fedha, andika namba, saa aliyoanza na aliyomaliza, maneno yake kama alivyoyasema, lugha na lafudhi yake, na sauti zilizosikika nyuma: muziki, makondakta, adhana, kuku. Omba kusikia sauti ya mtoto. Mjulishe mpelelezi kabla ya kutuma hata shilingi. Ujumbe wowote wa mobile money usifutwe, kwa kuwa una namba ya muamala ambayo polisi wataipeleka kwa kampuni ya simu.

Maduka, vituo vya mafuta na nyumba zenye kamera hurekodi juu ya picha za zamani, baadhi baada ya siku chache tu. Siku hiyohiyo waombe wenyewe wasizifute, na uandike kama saa ya kamera iko mbele au nyuma ya saa halisi. Kwenye kituo cha bodaboda ulizeni nani alikuwa kazini, mwandike majina.

Picha ya mtoto ya kupeleka polisi iwe ya karibuni, uso wazi, bila kofia, na itumwe WhatsApp kama hati, si kama picha ya kawaida, maana picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Taja urefu, makovu, meno yaliyong'oka, lugha anazoelewa na jina la nyumbani. Katika tangazo la redio au la mtandaoni, baki na jambo moja usilotangaza, mfano kovu la goti au rangi ya fulana ya ndani. Matapeli wataanza kupiga, na jambo hilo ndilo litakalowatenga na aliyemwona kweli.

Mtoto akirudi

Mkumbatieni, mpeni joto, na akiwa ameumia akimbizwe hospitali. Kama kuna shaka kwamba ameguswa vibaya, asiogeshwe wala asibadilishwe nguo kabla ya daktari kumwona. Nguo zikilazimika kuvuliwa, avulie juu ya karatasi safi, kila nguo na bahasha yake, hata karatasi yenyewe. Polisi hutoa fomu ya PF3A kwa uchunguzi huo, lakini kama fomu inachelewa tangulieni hospitalini, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Msimhoji mmoja baada ya mwingine. Anachosema mwenyewe kiandikwe kwa maneno yake, pamoja na saa, na maswali aachiwe ofisa wa kitengo cha watoto.

Mpelelezi anapochukua vitu, andikeni katika daftari jina lake, cheo, namba yake ya kazi, kituo na kila alichobeba, naye aweke sahihi. Chumba kifunguliwe pale tu atakapotamka kwamba amemaliza, na saa ya ruhusa hiyo iandikwe pia.