Namna ya Kuboresha Huduma Shufaa katika Makazi ya Wazee Nyanda za Juu Kusini

Huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, haingoji siku za mwisho. Mzee mwenye saratani, kiharusi, moyo uliochoka au ugonjwa wa kusahau anastahili kuipata tangu ugonjwa unapotambuliwa, sambamba na matibabu mengine. Kwa makazi ya wazee yaliyoko Mbeya, Iringa na Njombe, ambako daktari hafiki kila siku, pa kuanzia ni kwa wahudumu wenyewe: namna wanavyotambua maumivu na kuyaandika.

Kila zamu imuulize kila mgonjwa anaumwa wapi na kwa kiasi gani, akionyesha kwa vidole vya mkono mmoja, ngumi ikiwa na maana ya kutokuumwa na vidole vitano maumivu yasiyovumilika. Msitosheke na salamu, kwa kuwa mzee aliyekuzwa kuvumilia atajibu "sijambo" hata kama hakupata usingizi. Swali liwe mahususi: "Bibi, usiku ulilala? Ukigeuka unaumia wapi?" Anayepoteza kumbukumbu mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utotoni, hivyo ni busara kila zamu iwe na mtu anayefahamu Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, kulingana na wazee waliopo. Kwa asiyeweza kusema kabisa, tazameni uso unaokunjamana, pumzi nzito, kuguna anapogeuzwa, kukataa chakula, na kama anatulia akibembelezwa. Yote yaandikwe daftarini pamoja na saa, kwani daktari atakayepigiwa simu ataamua kwa kutegemea maandishi hayo.

Dawa ya maumivu ya kudumu hutolewa kwa saa, bila kusubiri mgonjwa alie. Huo ni msingi ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza tangu mwaka 1986. Maumivu madogo huanza na parasetamoli, ambayo kwa mtu mzima haipaswi kuzidi gramu 4 kwa siku, na kwa mzee aliyekonda daktari hupunguza. Diklofenaki, ambayo watu hununua dukani kama peremende, huweza kuharibu figo na kutoboa tumbo la mzee, kwa hiyo isitolewe kiholela. Maumivu makali yanahitaji mofini ya maji, ambayo daktari huipanga kwa kawaida kila baada ya saa 4, akianza na kiwango kidogo na kuwa mwangalifu zaidi iwapo figo ni dhaifu. Usingizi wa siku za mwanzo ni wa kawaida, lakini mgonjwa asiyeamshika au anayepumua polepole mno aripotiwe mara moja. Kwa kuwa mofini hufunga choo, ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Hofu ya uraibu, ambayo ndugu huitaja sana, isimnyime dawa mtu anayeumwa kweli. Chupa ifungiwe kabatini, kila dozi isainiwe, na nyingine iagizwe mapema, hasa msimu wa mvua ambapo barabara za Makete au Ludewa hazitabiriki.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, na midomo yake ilowanishwe mara kwa mara. Kidonda kinachonuka huweza kutulizwa kwa metronidazo, dawa ya kuua bakteria, iliyosagwa na kunyunyiziwa juu yake, kwa maelekezo ya muuguzi. Katika baridi ya Juni na Julai ongezeni mablanketi. Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua.

Mapema, mzee akiwa bado na kauli, aulizwe na mtu anayemwamini: angependa nani aitwe hali ikibadilika, kama anataka kupelekwa tena hospitali ya rufaa au kubaki alipo, padre, mchungaji au shehe yupi amtembelee, na azikwe wapi. Swali hili la mwisho linawatisha wahudumu vijana kuliko linavyowatisha wazee, ambao wengi walishaamua zamani. Majibu yawekwe ukurasa wa kwanza wa faili lake, nakala ipewe ofisa ustawi wa jamii, na ndugu waelezwe wakiwa pamoja, ili pasizuke mvutano wa ukoo wakati gari la kubeba mwili limeshafika.