Kurekodi nondo-manyoya bustanini kwa mtego wa taa: hatua kwa hatua

Anayefungua mtego asubuhi na kukagua peke yake trei za mayai zilizowekwa ndani ili nondo watulie atawakosa nondo-manyoya walio wengi. Hawajibwagi ndani ya faneli kama nondo wanene. Huja wakielea polepole, wakazunguka pembeni mwa mwanga, kisha wakatua ukutani, kwenye majani au ubavuni mwa ndoo. Kukipambazuka, mjusi kafiri ameshawamaliza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mtego, lakini uzito wake uko kwenye kuuzunguka mtego huo usiku na kuandika rekodi ambayo mtu mwingine ataweza kuitegemea. Vipimo na nyakati ni za bustani za Tanzania na Kenya.

Kwanza, mjue unayemtafuta

Nondo-manyoya ni wa familia ya Pterophoridae, yenye spishi zaidi ya 1,000 duniani. Kwa kawaida bawa la mbele limepasuka sehemu mbili na la nyuma sehemu tatu, na kila sehemu ina nywele ndefu pembeni kama unyoya. Mabawa yakitandazwa, upana wake mara nyingi ni milimita 13 hadi 30. Akitua huyakunja na kuyabana mpaka yanabaki kama vijiti viwili vilivyonyooshwa kushoto na kulia, na mwili katikati: herufi T kamili. Ukutani anafanana na kipande cha nyasi kavu kilichonaswa kwenye utando wa buibui. Sogeza tochi karibu utaona miguu mirefu kupita kiasi, ile ya nyuma ikiwa na miiba iliyokaa jozi jozi.

Usimchanganye na wale wadudu wa miguu mirefu wanaofanana na mbu mkubwa: hao wana jozi moja tu ya mabawa. Wapo pia nondo wa familia ya Alucitidae, ambao kila bawa lao limepasuka sehemu sita. Wakitua hutandaza mabawa kama kipepeo cha mkononi. Waandike peke yao. Na jenasi ya Agdistis iko ndani ya Pterophoridae ingawa mabawa yake hayakupasuka; kinachomtambulisha ni ule mkao wa T na miguu.

Hatua ya 1: Tengeneza mtego

Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa mpaka harufu imekwisha, na dumu la maji ya kunywa la lita 18.9, lile la kwenye mashine za maji, lililopasuka linafaa. Kata dumu chini kidogo ya mabega, kisha ligeuze shingo ikielekea chini ndani ya ndoo. Hiyo ndiyo faneli yako, na tundu lake lina upana wa karibu sentimita 5. Nafasi inayobaki kati ya dumu na ukingo wa ndoo izibe kwa sponji, la sivyo nondo watatorokea hapo.

Toboa matundu manne ya milimita 4 kwenye kitako cha ndoo ili maji ya mvua yatoke, na ndani uyafunike kwa kipande cha neti ili sisimizi wasiingie. Trei moja ya mayai 30 ikate mara mbili, uzisimamishe nusu zote wima ndani ya ndoo. Trei iliyolala chini hulowa, na nondo hugandamana nayo.

Kwa taa, chukua mkanda wa LED wa UV (urujuanimno) wa volti 12, urefu wa mita 1, wenye wimbi la nanomita 365 hadi 395. Uzungushie kwenye kipande cha bomba la inchi 1 na ukisimamishe katikati ya faneli. Hapa ndipo wengi wanapouziwa kisicho chenyewe: taa ya zambarau ya sherehe inaweza isiwe na UV hata chembe. Kabla ya kulipa, iwashe gizani na kuielekeza kwenye noti halali au shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Alama za siri zisipong'aa, au shati lisipotoa mng'ao wa samawati, iache.

Mkanda wa mita 1 wenye LED 60 hula takriban wati 4.8, yaani ampea 0.4. Kwa saa nane hiyo ni Ah (ampea-saa) 3.2. Betri ya risasi ya 12V 7Ah haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inatosha saa nane hizo za usiku mmoja, kisha ichajiwe. Ukiweka taa ya wati 10 kwenye betri hiyo hiyo, itashuka chini ya nusu kabla ya usiku wa manane, na ikizimika kabla hakujapambazuka rekodi yako ya saa itakuwa ya uongo. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya. Juu ya taa, kiasi cha sentimita 15, ning'iniza sahani pana ya plastiki kukinga mvua. Usiikodolee macho taa ya UV, vaa miwani.

Hatua ya 2: Mahali na shuka

Weka mtego karibu na mimea, si katikati ya ua uliofagiliwa. Nondo-manyoya si warukaji wa mbali, na mara nyingi utakaowapata wamezaliwa mita chache tu kutoka hapo. Mita moja nyuma ya mtego tundika shuka nyeupe ya pamba, kama mita 1.5 kwa 2, ukingo wa chini ukigusa ardhi na kutandazwa mbele kidogo. Shuka hii ndiyo itakayokupa nusu ya kazi, pengine zaidi. Zima taa ya baraza. Kama taa ya jirani haizimiki, weka nyumba kati yako na taa hiyo.

Chagua siku moja ya wiki na uishike. Uingereza, wanaoshiriki mpango wa Garden Moth Scheme hutega Ijumaa, na ni mpangilio huo wa kurudiarudia unaowezesha kulinganisha mwaka na mwaka. Usitege usiku mfululizo mahali pamoja. Ndege hujifunza haraka sana palipo na kifungua kinywa.

Hatua ya 3: Mizunguko ya usiku

Anza kabla ya taa. Kuanzia saa 12:15 jioni hadi saa 1 usiku, pita bustanini na fimbo nyembamba ukigusagusa majani taratibu. Nondo-manyoya aliyeshtuliwa huruka kwa unyonge, mita mbili tatu, na kutua tena chini ya jani. Mfuate kwa macho, usimkimbilie. Andika mmea aliotoka, kwa kuwa habari hiyo mtego hauwezi kukupa.

Washa taa jua linapozama, hata kama hujamaliza kupita bustanini. Kagua saa 1, saa 2 na saa 4 usiku, kisha saa 11:30 alfajiri. Fuata mpango ule ule kila mara: shuka mbele, shuka nyuma, ukuta, nyasi katika mita mbili kuzunguka mtego, ubavu wa ndoo, chini ya sahani ya mvua. Trei ziwe za mwisho. Tumia tochi yenye mwanga hafifu na uimulike kwa upande. Kivuli cha ile T huonekana kabla ya nondo mwenyewe.

Vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Na msimu wa mvua jihadhari na yule mbawakawa mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi, mwenye mabawa mafupi ya samawati, ambaye wakazi wa Nairobi wanamjua vyema. Hang'ati, lakini akipondwa kwenye ngozi sumu yake hutoa malengelenge. Mpulize, usimpige kofi.

Hatua ya 4: Kumchukua bila kumvunja

Usitumie vidole wala kibano. Miguu hukatika kwa kuguswa tu, na miguu ni sehemu ya utambuzi. Chukua kikopo angavu cha plastiki chenye ukanda wa tishu ndani ili apate pa kushika. Mfunike taratibu, telezesha kadi ngumu nyuma yake, kisha ufunge. Kikopo kimoja, nondo mmoja. Wawili pamoja huvunjana. Wote wakae vikoponi mpaka mzunguko wa mwisho wa usiku uishe, usije ukamhesabu mmoja mara tatu.

Kikopo kikae kwenye jokofu dakika 10 hadi 15, kamwe si kwenye friza. Akitolewa, una kama dakika moja au mbili kabla hajachangamka, na joto la pwani huipunguza hiyo. Kamera iwe tayari. Piga juu, ile T yote ikiwa ndani ya picha. Kwa ubavu, ili kichwa na miguu ya nyuma vionekane. Na karibu kabisa kwenye bawa la mbele, pale mpasuko unapoanzia. Weka rula ya milimita kwenye picha moja angalau. Bawa la nyuma mara nyingi hufichwa chini ya lile la mbele, na kwa bahati mbaya ndilo lenye kijino cha magamba meusi kwenye sehemu ya tatu, ambacho wataalamu hukitafuta katika jenasi kadhaa. Akilifungua mwenyewe, piga picha upesi, usimlazimishe.

Mwachie usiku huo huo ndani ya kichaka kizito, mbali na taa.

Hatua ya 5: Rekodi

Kila usiku uwe na tarehe ya jioni ulipoanza, saa za kuwasha na kuzima, aina ya taa na wati, hali ya mwezi, upepo, mvua, na idadi. Usiku usio na nondo-manyoya hata mmoja uandikwe 0. Ukiuruka, anayesoma hatajua kama hawakuwepo au hukutega. Mwezi mpevu na upepo hupunguza nondo kwenye taa, na bila kuviandika utadhani idadi yao imeshuka.

Makosa mawili huharibu rekodi nyingi za huku kwetu. La kwanza ni saa. "Saa 3 usiku" ikiingizwa kwenye programu kama 03:00 imesogea saa sita, na nondo wa mwanzo wa usiku amegeuka wa alfajiri. Kwenye daftari andika upendavyo, lakini rekodi ya mwisho iwe 21:00. La pili ni alama ya kutoa kwenye latitudo. Bustani ya Dar es Salaam iko karibu na −6.8, 39.3, ukisahau kile kistari, nondo wako amehamia Ethiopia. Desimali nne zinaonyesha mahali kwa takriban mita 11, yaani nyumba yako hasa. Kama hutaki, bakisha mbili na uandike kwamba umefanya hivyo.

Hatua ya 6: Jina, na mpaka wa jina

Programu za kutambua picha hupendelea spishi zenye picha nyingi, na nyingi ni za Ulaya na Marekani. Ukipendekezewa Emmelina monodactyla kwa kila nondo wa kahawia, usibonyeze kukubali. Spishi nyingi za Afrika hutenganishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Rekodi iliyoishia "Pterophoridae" na picha tatu nzuri ni bora kuliko jina la spishi lililobahatishwa.

Njia ya uhakika zaidi kwa mtu wa nyumbani ni kulea viwavi. Kagua maua na vitumba vya fiwi na mbaazi, ambako viwavi wa jenasi ya Sphenarches hula. Jamaa yao Exelastis atomosa ni msumbufu anayejulikana wa mbaazi huko India. Kagua pia vichwa vya maua ya lantana kwa ajili ya Lantanophaga pusillidactylus, yule aliyepelekwa Hawaii kutoka Mexico mwaka 1902 ili apambane na mmea huo. Pupa wao wengi hawana kifuko cha hariri. Hujishikiza kwa mkia juu ya jani au ganda, na wengine wana manyoya, hata hudhaniwa ni kiwavi aliyelala.

Mweke kiwavi kwenye chupa ya jemu yenye tishu chini, na kitawi cha mmea ule ule ulikomkuta, kikisimama kwenye kichupa cha maji kilichozibwa kwa pamba ili asizame. Funika kwa neti, si mfuniko: chupa iliyofungwa hutoa jasho, ukungu ukaota na kiwavi akafa. Badilisha chakula kila siku, ondoa kinyesi, weka kivulini. Akitoka nondo, mpe saa kadhaa mabawa yakauke kabla ya kumpiga picha. Akitoka nyigu mdogo badala yake, huyo ni kimelea. Mpige picha naye na umwandike chini ya kiwavi huyo huyo.

Yanayoharibika mara kwa mara

Mtego umejaa kumbikumbi baada ya mvua ya kwanza: zima taa kwa dakika 30, uanze tena, na uandike muda uliozima. Mbawakawa wakubwa wamo ndani wakipapatika: huwasaga nondo wadogo. Watoe kila mzunguko, au weka wavu wa matundu ya sentimita 1 shingoni mwa faneli. Sisimizi wamepanda: simamisha ndoo juu ya tofali lililo ndani ya beseni la maji. Mijusi kafiri wamejipanga ukutani: sogeza mtego mita tatu kutoka ukutani, shuka ibaki peke yake, na uongeze mzunguko wa saa 3. Ukikuta bawa lenye manyoya bila mwenyewe chini ya ukuta, lipige picha na rula, uliandike kama mabaki, wala usilijumlishe kwenye idadi ya usiku huo.