Daftari la mazoezi: kosa la leo liwe kazi ya kesho

Nilipiga udi miaka mitatu nikiamini nasonga mbele. Kila siku baada ya alasiri nilipanda darini na ala yangu, nikapiga mpaka adhana ya magharibi, nikashuka moyo umetulia. Kumbe nilikuwa narudia nyimbo nilizokwisha kuziweza, na nikifika pale panaponishinda napapita mbio mbio. Siku moja mwalimu wangu akaniuliza, "Juma hili umetengeneza nini?" Sikuwa na jibu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi saa zangu zote zile zimepotea hivyo.

Somo hili nimelielekeza kwa wenzangu wa udi hapa Lamu, lakini mwenye fidla, kinanda, ngoma ya dumbaki au sauti yake tu linamfaa vilevile.

Hatua ya kwanza: daftari lenyewe

La shule, lile la kawaida, na kalamu ya risasi. Lisiwe la fahari, kwani daftari zuri mtu huogopa kulichafua. Liweke ndani ya mfuko wa udi, lisikae kabatini.

Hatua ya pili: andika kabla hujashika ala

Tarehe, muda ulio nao, na kazi moja. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Rasti ni makamu, yaani safu ya sauti ambayo nyimbo hujengwa juu yake; basi "Mazoezi ya Rasti" si kazi, ni jina la bahari nzima. Kazi ni hii: "Rasti, kupanda kutoka Do mpaka Sol mara kumi, nikiisikiliza Mi peke yake."

Kwa nini Mi? Kwa sababu Mi ya Rasti iko chini kidogo ya ile ya kinanda, lakini haishuki ikafika Mi bemoli, ile iliyoshushwa nusu toni. Inakaa kati, na kinanda cha kawaida hakina kidude cha kuibonyeza. Shingo ya udi nayo haina vile vichuma vya gitaa vinavyokuonyesha pa kuweka kidole. Kidole kikisogea unywele mmoja, Rasti imeharibika. Sikio ndilo linalokuongoza, na sikio halifundishiki ukiwa unafukuzia mambo matano kwa pamoja.

Ukiwa na nusu saa, dakika tano ni za kulinganisha nyuzi, kumi na tano za kazi ngumu, kumi za wimbo uupendao. Kazi ngumu itangulie sikio likiwa bado jepesi.

Hatua ya tatu: lipe kosa anwani

Ukikosea, simama, uandike kosa limetokea wapi. Usiandike "nimepiga vibaya", kwani maneno hayo hayatakusaidia kesho. Andika uzi gani, kidole gani, mkono gani, kasi gani. Programu ya metronomu kwenye simu, ile inayogonga mapigo sawasawa, inatosha: anza mapigo 60 kwa dakika, na ukipiga mara tatu mfululizo bila kosa, panda mpaka 64. Ukurasa mmoja wa daftari langu unasema hivi (Bayati ni makamu nyingine, na risha ni kile kipande cha kupigia nyuzi):

"Jumatatu, dakika 30. Bayati, kushuka kutoka La mpaka Re. Kwa 60 safi. Kwa 68 mkono wa kulia unachelewa ninapohama uzi, kidole hakina kosa. Kesho: risha peke yake, nyuzi mbili, kwa 60, mkono wa kushoto upumzike."

Kabla ya hapo nilikuwa nakilaumu kidole kwa kosa la mkono mwingine. Hilo nimelijua kwa kuandika.

Hatua ya nne: mstari wa kesho

Tazama tena neno "kesho" katika mfano ule. Ukiniuliza ni hatua ipi usiiache hata ukiziacha nyingine zote, nitakwambia hii. Ukimaliza, kabla ya kurudisha udi mfukoni, andika mstari mmoja wa utakachoanza nacho kesho. Wakati huo kosa bado unalisikia masikioni. Ukingoja mpaka kesho, utakaa na ala mapajani ukijiuliza uanze na nini, na mkono utakwenda wenyewe kwenye wimbo ule ule wa siku zote.

Hatua ya tano: jisikilize mara moja kwa juma

Alhamisi usiku jirekodi dakika mbili kwa simu. Usisikilize papo hapo, maana bado unasikia ulichokusudia badala ya ulichopiga. Sikiliza Ijumaa baada ya sala, uandike kwanza kilichokupendeza, halafu kilichopungua.

Andika pia hali ya hewa. Sisi tunaokaa kando ya bahari mbao zetu hazitulii: unyevu ukizidi huvimba na vigingi vikakaza, hewa ikikauka vigingi vinateleza. Nilipoanza kuandika "leo mvua" au "leo kaskazi kali", niliacha kujilaumu kwa nyuzi zilizohama zenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi nina watoto wadogo, napata dakika 15 tu wakilala. Nikianza kuandika si zitakwisha?*

Waaleikum salaam, dada. Kuandika kusizidi dakika moja na nusu, yaani mistari miwili tu. Na dakika 15 kila siku zinajenga kuliko saa mbili za siku moja kwa juma, kwa sababu mkono hushika zaidi ukirudiwa baada ya usingizi.

*Mimi ni mpiga dumbaki, Shela. Sisi hatuna Do wala Re. Tuandike nini?*

Andika kwa midomo, ndugu yangu. Mdundo wa maksumu ni "dum tak – tak dum – tak –": dum ni pigo zito la katikati ya ngoma, tak ni pigo jepesi la ukingoni, na kistari ni kunyamaza. Piga mstari chini ya pigo linalokutoroka. Kama ni ile tak ya pili, irudie peke yake na dum inayoifuata, kisha uirudishe ndani ya mdundo wote.

*Ami, mzee aliyenifundisha husema muziki huu ni wa sikio, karatasi inauharibu. Nimuasi?*

Usimuasi, mwanangu, mzee amesema kweli. Muziki wenyewe usiuandike, upokee kwake kwa sikio kama alivyoupokea yeye. Daftari ni la kazi: "mzee amenirudisha mara nne mahali hapa." Ukienda kwake safari ijayo, mwanzie hapo hapo. Atafurahi kuona hakusema bure.

*Nikisikiliza rekodi za wakubwa, nayo ni mazoezi? Niandike?*

Ni mazoezi makubwa. Sisi tumetoka mji aliozaliwa Zein l'Abdin, yule mwimbaji wa taarabu na mpiga udi, basi itakuwa dhambi kuwa na masikio mavivu. Chukua taksimu, yaani pale mpigaji anapopiga peke yake akibuni papo hapo, sehemu ya nusu dakika tu. Taksimu haina mdundo wa kuhesabu, kwa hiyo andika vitu viwili: sauti gani mpigaji anairudia kila anapotua, na ananyamaza wapi. Mimi nilidhani ufundi uko kwenye vidole vinavyokimbia, mpaka nilipoandika vile vituo vya kunyamaza.

*Naimba. Sauti yangu siku nyingine inakwama juu, sijui sababu. Daftari litajua?*

Kwa majuma matatu andika umelala saa ngapi, umekunywa maji kiasi gani, umeimba saa ngapi ya siku, na sauti imekwama wapi. Kisha tazama siku mbaya zinafanana kwa nini. Ikiwa koo linauma au sauti imekauka zaidi ya majuma matatu, acha kuimba umwone daktari.

*Nimeliacha tangu Ramadhani. Nijaze kurasa zilizopita?*

La, ziache. Fungua ukurasa mpya, andika tarehe ya leo na kazi moja nyepesi kuliko ile ya mwisho. Mapigo nayo yashushe mpaka 60.